Nina shahada kutoka Tanzania. Je, kuingia chuo cha miaka miwili ni kurudi nyuma?

Shikamoo Mshauri,

Nina umri wa miaka 37, nimeolewa na nina watoto wawili. Nilisoma shahada ya kwanza ya biashara nchini Tanzania, mkazo wangu ukiwa uhasibu, na baada ya kuhitimu nilifanya kazi benki mjini Tanga kwa miaka 11, nikianzia dirishani kwa kuhesabu fedha za wateja hadi nikakabidhiwa kitengo cha mikopo midogo. Miaka mitatu iliyopita mume wangu alipata viza ya bahati nasibu, familia nzima ikahamia Columbus, katika jimbo la Ohio, na sote tuna ukaazi wa kudumu.

Tulipofika nilituma maombi ya kazi katika benki na ofisi za uhasibu zaidi ya 40. Wengi hawakujibu, na wachache waliojibu walitaka uzoefu wa Marekani, ambao sikuwa nao. Kwa kuwa kodi ya nyumba haisubiri, nilichukua mafunzo mafupi, nikafaulu mtihani wa jimbo, na sasa ni msaidizi wa wauguzi katika nyumba ya kutunzia wazee. Zamu yangu ni ya usiku, kuanzia saa 5 usiku hadi saa 1 asubuhi, siku tano kwa wiki. Mume wangu anaendesha lori na kuna wiki anarudi nyumbani mara moja tu.

Sitaki udhani kwamba naidharau kazi hii. Mwezi uliopita bibi mmoja wa chumba cha mwisho alianza kupumua kwa shida usiku wa manane. Nilimwinulia kichwa cha kitanda, nikampima oksijeni kidoleni, nikaona asilimia 84, ambayo ni ya chini mno, nikabonyeza kengele ya kumwita muuguzi. Bibi yule alipona, na muuguzi akaniuliza nilisoma wapi. Vilevile nina daftari dogo ambamo naandika shuka, glavu na vifaa vyote nilivyovitumia, na siondoki mpaka hesabu ilingane, kama nilivyokuwa nikifunga droo yangu benki. Wenzangu hunishangaa.

Lakini nikiwaza kwamba nitainua na kugeuza wagonjwa mpaka nizeeke, nakosa usingizi hata mchana. Kaka yangu aliyeko Dar es Salaam anasema nikasome shahada ya uzamili, kwa sababu msomi hupanda, hashuki. Shoga yangu wa kanisani anasema niingie chuo cha jamii (community college, chuo cha umma cha miaka miwili) kilicho karibu nasi nisomee uuguzi, tena nisiseme kwamba nina shahada, ili serikali inipe ruzuku ya masomo. Mama mkwe aliposikia habari hiyo kwa simu alisema, “Msomi mzima unarudi kukaa darasani na watoto, kwa cheti cha miaka miwili?” Maneno yale yamenikaa moyoni.

Juu ya hayo, wakala wa shule moja ya binafsi ananipigia simu karibu kila siku. Anataka nisaini mkataba kabla ya mwisho wa mwezi huu kwa kozi ya miezi tisa ya kuandika ankara na misimbo ya matibabu (medical billing and coding), ada dola 18,500, kwa mkopo. Anasema kazi imeshahakikishwa. Akiba yangu yote ni dola 4,200.

Naomba uniambie ukweli. Je, chuo cha jamii ni mahali pa mtu kama mimi? Na kama ni hivyo, nisome nini?

Mwenye Daftari, Columbus

JIBU

Marahaba, mwanangu.

Nianze na lenye haraka. Usisaini mkataba ule, na wakala akipiga tena mwambie unataka jina la chombo kilichoipa shule yake ithibati, idadi ya wahitimu waliopata kazi mwaka jana, na jumla ya ada kwa maandishi. Mtu anayesema kazi imehakikishwa kabla hujafungua daftari anakuuzia mbuzi kwenye gunia. Nchi hii imeshaona misiba ya namna hiyo: kampuni ya Corinthian Colleges ilifunga milango mwaka 2015, na ITT Technical Institute ikafuata mwaka 2016, na maelfu ya wanafunzi wakabaki na madeni ya kozi ambazo hawakuzimaliza au ambazo waajiri hawakuzithamini. Sisemi kwamba kila shule ya binafsi ni ya ulaghai. Nasema kwamba kozi ya kuandika misimbo ya matibabu hutolewa pia na vyuo vingi vya jamii kwa ada ndogo sana, na kwamba cheti ambacho waajiri wengi hukiulizia, kile cha CPC cha mwandishi wa misimbo, hutolewa na chama cha waandishi hao, AAPC, kwa njia ya mtihani, wala si mali ya shule yoyote. Ukifananisha bei, mkazi wa eneo anayesoma mwaka mzima katika chuo cha jamii cha umma hulipa wastani wa kitaifa wa takribani dola 4,000. Akiba yako, ambayo umeitaja kana kwamba ni kitu cha kuonea haya, inalingana na ada hiyo ya wastani ya mwaka mmoja.

Sasa niseme juu ya neno la mama mkwe, kwa sababu naona ndilo lililokuuma kuliko ada. Mama anasema kwa mapenzi, na kwa jinsi anavyoujua mfumo wa kwetu, ambako mtu hupanda kutoka cheti kwenda stashahada, kutoka stashahada kwenda shahada, na kurudi chini ni fedheha. Vyuo vya jamii vya Marekani vilijengwa kwa fikra nyingine. Cha kwanza cha umma ambacho kipo mpaka leo, Joliet Junior College cha Illinois, kilianza mwaka 1901 kikiwa na wanafunzi sita, na nia ilikuwa vijana wasome miaka miwili ya mwanzo ya chuo kikuu bila kuhama kwao. Baada ya Vita Vikuu vya Pili, tume iliyoundwa na Rais Truman ilipendekeza mwaka 1947 kwamba vyuo hivi visambazwe nchi nzima, viwe na ada ndogo na vihudumie watu wazima wa eneo pamoja na vijana. Tangu hapo mlango wake mmoja unampokea kijana aliyetoka sekondari, askari aliyemaliza utumishi, fundi ambaye kiwanda chake kimefungwa, na mtu mwenye shahada anayetaka kubadili kazi. Huyu wa mwisho ndiye wewe, na si mgeni hata kidogo katika madarasa yale.

Mimi mwenyewe niliwahi kukaa katika darasa kama hilo nikiwa na miaka 41. Siku ya kwanza ya maabara ya anatomia nilichagua kiti cha nyuma kwa haya. Kushoto kwangu alikaa baba mwenye mvi aliyefanya kazi ya chuma miaka 25, na kulia kwangu mama aliyekuwa na shahada ya historia. Kijana pekee wa meza yetu ndiye aliyekuwa akituomba tumweleze jinsi ya kupanga muda. Tulipewa sanduku la mifupa ya plastiki tuitaje mmoja mmoja, na baba yule akaugeuza mfupa wa paja mkononi kama fundi anayekagua bomba. Haya yangu iliisha pale, kwa sababu hakuna mtu mezani aliyekuwa na nafasi ya kuniwazia mimi. Kila mmoja alikuwa amekuja kuchukua kitu anachokihitaji aende nacho.

Hapo ndipo penye jambo ambalo kaka yako na shoga yako wote wawili wamelipita. Wanakuuliza utasoma shahada gani. Mimi nakuuliza ni leseni ipi, au cheo kipi cha kazi, unachokitaka, na ni somo gani hasa linalokosekana kati yako na hicho cheo. Mtu asiye na elimu ya juu analazimika kununua kitambaa kizima. Wewe unacho kitambaa tayari, kimepungua viraka viwili vitatu, na chuo cha jamii ni mahali ambapo unaweza kununua kiraka kimoja, yaani somo moja kwa muhula mmoja, bila kujiunga na programu nzima. Shahada ya uzamili haikupi nafasi hiyo. Inakudai ada kubwa mwanzoni, na ukimaliza, yule mwajiri aliyetaka uzoefu wa Marekani anaweza bado kukuuliza swali lile lile.

Kwa hiyo hatua ya kwanza si kuchagua kozi bali kuitafsiri shahada yako. Omba hati yako rasmi ya matokeo kutoka chuo ulichosoma, na uipeleke kufanyiwa tathmini na mojawapo ya mashirika yaliyo chini ya NACES, umoja wa mashirika yanayotathmini vyeti vya nje ya Marekani, ukiomba tathmini ya somo kwa somo, si ile fupi inayosema tu kwamba shahada ni sawa na ya Marekani. Kabla ya kulipa, ulizia chuo na bodi ya leseni unayoilenga wanakubali shirika lipi, kwa maana wengine wana orodha yao. Tafuta pia mihtasari ya masomo uliyosoma, maana ndiyo itakayoamua kama takwimu na Kiingereza ulivyosoma vitahesabiwa. Nimeona watu wakirudia masomo matano waliyoyafaulu zamani kwa sababu tu hawakutuma karatasi.

Baada ya hapo, nimeisoma barua yako mara tatu, na naona watu wawili ndani yake. Mmoja alimwona bibi akipumua kwa shida, akampima oksijeni na kumwita muuguzi. Mwingine haondoki mpaka glavu zilingane. Wote wawili wana njia ya kupitia chuo cha jamii, na njia hizo hazifanani.

Njia ya uuguzi ni ndefu na inachosha, lakini ni imara. Katika Marekani mtu anaweza kuwa muuguzi aliyesajiliwa kwa shahada ya miaka miwili ya chuo cha jamii au kwa shahada ya miaka minne ya chuo kikuu, na wote hufanya mtihani ule ule wa leseni, NCLEX-RN. Bodi haina mtihani mwepesi wa waliosoma miaka miwili. Ukishapata leseni unaweza kuendelea hadi shahada ya uuguzi ukiwa kazini, na hospitali nyingi hupendelea hivyo. Tofauti ya kipato si ndogo: kwa takwimu za Idara ya Kazi za mwaka 2023, mshahara wa kati wa muuguzi aliyesajiliwa ulizidi dola 85,000 kwa mwaka, wakati wa msaidizi wa muuguzi ulikuwa chini ya dola 40,000.

Hata hivyo lazima nikuambie yale ambayo shoga yako hakukwambia. Ile “miaka miwili” huanza kuhesabiwa baada ya kuingia katika programu yenyewe. Kabla yake kuna masomo ya lazima, kama anatomia na fiziolojia, mara nyingi na mikrobiolojia, na vyuo vingi hukubali sayansi iliyosomwa katika miaka michache iliyopita tu. Nawe ulisoma biashara, kwa hiyo utaanzia hapo. Nafasi ni chache kuliko waombaji, na mara nyingi kuna mtihani wa kuingilia na orodha ya kungojea. Kisha kuna mafunzo ya vitendo hospitalini, ambayo mara nyingi huwa mchana na hayakungoji uamke. Mtu anayetoka zamu saa 1 asubuhi hawezi kusimama wodini saa 2 kwa miezi mingi bila kuvunjika, na mume wako akiwa barabarani, watoto watahitaji mtu. Nakadiria miaka mitatu hadi minne kutoka leo, si miwili. Ukikubali hesabu hiyo, chagua chuo kwa kutazama kiwango cha wahitimu wake wanaofaulu NCLEX, na uthibitishe kwamba programu yao imeidhinishwa na Bodi ya Wauguzi ya Ohio.

Zipo pia kazi za afya ambazo watu wetu huzisahau kwa sababu sote tunawajua wauguzi tu: mtaalamu wa picha za eksirei, mtaalamu wa upumuaji, msafishaji wa meno mwenye leseni. Zote huingiwa kwa shahada ya miaka miwili. Mtaalamu wa upumuaji ndiye anayemshughulikia mgonjwa mwenye oksijeni ya 84, kwa hiyo nakusihi uisome habari yake.

Njia ya pili ndiyo ambayo naona umeizika mapema mno. Ulituma maombi 40 ukiwa na uhasibu wa Tanzania peke yake, na mwajiri wa Ohio hakuwa na njia ya kujua kama unaifahamu kodi ya mapato ya shirikisho, kanuni za hesabu za Marekani, au programu wanayoitumia ofisini. Hayo ni masomo matatu au manne ya jioni katika chuo cha jamii, mengi yao hupatikana kwa intaneti, na ukiyakusanya unapewa cheti cha muhula mmoja au miwili. Somo la kodi lina faida nyingine: vyuo vingi vina uhusiano na mpango uitwao VITA (kifupi cha jina la Kiingereza) wa mamlaka ya mapato ya Marekani, IRS, ambapo watu waliofundishwa huwajazia familia za kipato kidogo fomu za kodi bila malipo, kuanzia mwishoni mwa Januari hadi Aprili. Msimu mmoja wa kazi hiyo, hata ukiwa wa kujitolea, ni uzoefu wa Marekani unaoweza kuandikwa katika wasifu wako, na wewe unajua mteja mwenye wasiwasi wa fedha anavyokaa kitini.

Ukitaka kwenda mbali zaidi, kuna leseni ya mhasibu wa umma, CPA. Kwa miaka mingi iliwataka watu wawe na krediti (vizio vya masomo ya chuo) 150, zaidi kwa 30 kuliko shahada ya kawaida ya hapa. Ohio ni miongoni mwa majimbo ya mwanzo kubadili sheria, na tangu Januari 2026 mtu mwenye shahada inayofaa, uzoefu wa miaka miwili na mtihani uliofauliwa anaweza kupewa leseni bila krediti zile za ziada. Waandikie Bodi ya Uhasibu ya Ohio, uwaulize shahada yako iliyotathminiwa inapungukiwa masomo gani, na kama watayakubali yakisomwa katika chuo cha jamii. Jibu la bodi kwa maandishi lina uzito kuliko ushauri wangu na wa ukoo mzima.

Kuhusu kuficha shahada, nasema hapana, na nasema kwa uzito wote nilio nao. Ruzuku ya masomo ya serikali ya shirikisho, iitwayo Pell, ambayo kiwango chake cha juu kwa mwaka wa masomo 2025–26 kilikuwa dola 7,395, kwa kawaida haitolewi kwa mwenye shahada ya kwanza, hata kama aliipata nje ya Marekani. FAFSA, yaani fomu ya kuomba msaada wa shirikisho wa kulipia masomo, inauliza jambo hilo waziwazi, na anayedanganya anaweza kutozwa faini, kufungwa, na kudaiwa fedha zote. Wewe ni mkaazi wa kudumu ambaye siku moja ataomba uraia na leseni, na katika maombi hayo unaweza kuulizwa kama umewahi kuidanganya serikali. Shoga yako anakupenda, lakini katika hili amekosea vibaya.

Fedha za halali zipo. Ijaze FAFSA kwa ukweli, maana mikopo ya shirikisho na baadhi ya misaada ya chuo chenyewe hupitia hapo. Jihesabie pia kama mkazi wa Ohio, kwani umeshapita miezi 12 inayotakiwa, na ada ya mkazi ni ndogo. Zaidi ya yote, nenda ofisi ya utumishi pale kazini kwako uulize kama wanalipia masomo ya wafanyakazi. Sheria ya kodi inamruhusu mwajiri kumlipia mfanyakazi hadi dola 5,250 kwa mwaka bila fedha hizo kukatwa kodi, na nyumba nyingi za wazee zinazolilia wauguzi hufanya hivyo, kwa masharti ya kuendelea kufanya kazi kwao kwa muda fulani. Soma masharti hayo kabla ya kufurahi.

Nikihukumu kwa barua yako, ningeanza na uhasibu, kwa sababu miaka 11 si kitu cha kutupa na viraka ni vichache. Lakini usinifuate mimi bila kuonja. Muhula ujao jiandikishe somo moja la kodi ya shirikisho, jioni au kwa intaneti, kisha muhula unaofuata chukua anatomia ya kwanza peke yake, na kabla hujaichukua omba upunguziwe zamu moja ya usiku. Kwa ada ya masomo mawili utajua ni kitabu kipi ulichokuwa ukikifungua kwa hamu saa 10 alasiri baada ya kuamka, na kipi ulichokuwa ukikisukuma mpaka usiku wa kuamkia mtihani.

Wiki hii fanya mambo mawili tu: omba hati yako ya matokeo, na weka miadi na mshauri wa masomo wa chuo cha jamii kilicho karibu nawe. Miadi hiyo hailipiwi. Nenda nayo shahada yako, cheti chako cha usaidizi wa uuguzi, na lile daftari.